Misitu kwanza au ualimu kwanza? Njia tatu za kuunganisha maliasili na ualimu wa sekondari

Kila mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga wengi wamesoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na swali lao halibadiliki: "Mwalimu, mimi napenda misitu, lakini nyumbani wanasema ualimu ndio wenye ajira. Nijaze nini?" Wachache wamesikia kwamba vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, ila hawajui vinakutania wapi. Mimi mwenyewe nilizunguka. Nilisoma shahada ya misitu, nikahangaika miaka kadhaa na miradi ya upandaji miti, ndipo nikaingia darasani. Leo nafundisha Biolojia na Jiografia. Basi ulinganisho huu umeandikwa na mtu aliyepita njia moja kati ya tatu, na upendeleo wangu utauona tu.

Kabla ya kulinganisha chochote, kuna jambo moja ambalo waombaji wengi hawalioni mpaka limeshawagharimu. Sekondari ya Tanzania haina somo linaloitwa maliasili. Kuna Biolojia, Kemia, Jiografia, Fizikia, Hisabati, na katika baadhi ya shule Kilimo. Mwalimu wa shahada anatarajiwa kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na tangazo la ajira ya serikali linatoka kwa somo: Mwalimu Daraja la III C, somo la Biolojia. Chini yake sifa zinasema shahada ya ualimu yenye somo hilo, au shahada isiyo ya ualimu yenye somo hilo pamoja na stashahada ya uzamili ya ualimu. Yashike maneno "yenye somo hilo". Jina la shahada yako linaweza kuwa zuri kiasi gani, lakini kama somo halionekani ndani yake, umebaki nje ya mlango.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni shahada ya sayansi pamoja na elimu. Ni miaka mitatu, na ualimu umo ndani tangu mwanzo. Kwa mtu wa maliasili mlango wa karibu ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, ambako shahada hizi zinasomwa Kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu. Kuna mchepuo wa Jiografia na Biolojia, wa Kemia na Biolojia, na wa Sayansi ya Kilimo na Biolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) nacho kinazo shahada za aina hii, pamoja na vyuo vyake viwili vya elimu vilivyoanza 2005, DUCE pale Chang'ombe na MUCE Iringa. Lakini kule umbali wa kwenda kugonga mlango wa profesa wa misitu ni mkubwa zaidi.

Ya pili ni kusoma maliasili yenyewe kwanza, yaani misitu, usimamizi wa wanyamapori, au sayansi na usimamizi wa mazingira. Ni miaka mitatu kampasi kuu ya SUA, kisha unaongeza stashahada ya uzamili katika elimu, ile ambayo kila mtu anaiita PGDE, mwaka mmoja. Inatolewa UDSM, na inatolewa Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo mikoani, kwa hiyo unaweza kuisoma huku unafanya kazi.

Ya tatu inageuza mpangilio. Unaanza na ualimu kama njia ya kwanza, unafundisha, kisha unarudi kusoma uzamili wa maliasili. SUA wana uzamili wa usimamizi wa maliasili kwa ajili ya kilimo endelevu, na UDSM wana taasisi yao ya tathmini ya rasilimali inayotoa uzamili wa tathmini na usimamizi wa maliasili.

| | Sayansi na elimu | Maliasili, kisha PGDE | Elimu, kisha uzamili |
|---|---|---|---|
| Muda | miaka 3 | 3 na 1 | 3, na kama 2 baadaye |
| Masomo mawili | yameandikwa kwenye jina la shahada | uyatafute mwenyewe kwenye transkripti | yameandikwa |
| Kazi za porini | ngumu kupata | ndizo ulizosomea | zaidi miradi, utafiti na ofisi |
| Mkopo wa Bodi | unaomba kwa miaka yote | shahada unaomba, PGDE jipange | shahada unaomba, uzamili jipange |

Mazimbu na kampasi kuu si chuo kimoja kwa mwanafunzi

Kwenye karatasi zote mbili ni SUA. Kwa anayeishi pale ni maisha mawili. Kampasi kuu iko chini ya milima ya Uluguru, na Mazimbu iko ng'ambo nyingine ya mji. Mazimbu yenyewe ilikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Chama cha ukombozi cha ANC waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waliikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992, wakaacha majengo na makaburi ya wenzao. Napenda kumkumbusha kila anayekwenda kusomea ualimu pale kwamba anasoma mahali palipojengwa na watu waliokimbia nchi wakasema jambo la kwanza ni shule.

Unasoma nini? Mazimbu mwanafunzi wa Jiografia na Biolojia anagawanya wiki yake vipande vitatu: kozi za somo la kwanza, kozi za somo la pili, na kozi za elimu, yaani saikolojia, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, na mbinu za kufundishia. Likizo ndefu anakwenda "tipii", mazoezi ya kufundisha, na huko anajifunza vitu ambavyo hakuna ukumbi wa mihadhara unaovifundisha vizuri: kuandika azimio la kazi, andalio la somo, na kusimama mbele ya watoto sitini na chaki moja iliyovunjika. Akimaliza, mambo hayo yameshakuwa mazoea.

Mwenzake wa misitu likizo hiyo hiyo yuko fildi. SUA wana msitu wa mafunzo Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na wana msitu wa asili wa Mazumbai, Usambara Magharibi. Huko unaamka alfajiri na baridi, unabeba utepe na kalipa, unapima kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, unataja jina la kisayansi, unaandika, unasogea mti unaofuata. Siku ya kwanza unaona raha. Siku ya tano mvua imenyesha, daftari limelowa, na bado ploti sita, vile vipande vya msitu vya kupimia, hazijafikiwa. Ukifika hapo na bado unapenda, wewe ni mtu wa misitu kweli.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi, na haimo kwenye mwongozo wa udahili. Njia ya kwanza inakupa elimu ya mazingira ya darasani, nzuri na ya kutosha kufundishia. Haikupi mikono. Njia ya pili inakupa mikono, halafu mwaka wa PGDE unakukimbiza kwenye saikolojia na mitaala ambayo wenzako walimeza taratibu kwa miaka mitatu. Nilihitimu PGDE nikijua kutofautisha mninga na mtundu kwa kunusa gome, na sikujua namna ya kumnyamazisha kidato cha pili B. Hilo nilifundishwa na mwalimu mkongwe wa Kiswahili, chumba cha walimu, bure.

Sehemu iliyonigharimu: masomo mawili

Nilipoamua kuingia ualimu nilituma maombi ya PGDE chuo kimoja. Nikalipa ada ya maombi, nikangoja. Jibu likaja kwamba Biolojia wanaiona, Jiografia hawaioni. Nilibisha. Nilikuwa nimesoma udongo, hali ya hewa, upimaji wa ardhi, picha za anga, na ramani za kompyuta. Vyote hivyo ni jiografia tupu! Lakini kwenye transkripti hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa neno Jiografia, na aliyekuwa akipitia faili langu alikuwa akisoma majina, hakuwa akisoma yaliyomo. Mwaka ukapita. Mwaka uliofuata nilikwenda chuo kingine nikiwa na muhtasari wa kila kozi, ukurasa kwa ukurasa, na cheti cha kidato cha sita juu yake, nikakubaliwa.

Kwa hiyo anayechagua njia ya pili naomba azilinganishe shahada za maliasili zenyewe kwa kipimo hiki pia, maana hazifanani.

Misitu inabeba Biolojia vizuri, kwa sababu ya botania, ikolojia, wadudu na magonjwa ya miti. Jiografia imo, ila imejificha kama nilivyosema. Usimamizi wa wanyamapori una Biolojia nzito zaidi upande wa wanyama, na Jiografia yake ni nyembamba kuliko ya misitu. Sayansi ya mazingira ndiyo inayokaa karibu zaidi na Jiografia, na kwa aliyechagua kozi zake kwa akili inaweza kubeba Biolojia au Kemia. Ufugaji wa samaki, Biolojia, na la pili ulisake. Utalii unapendwa sana na wasichana na wavulana wa siku hizi kwa sababu ya picha za Serengeti, lakini ukitaka kuugeuza kuwa ualimu wa sayansi utagonga ukuta. Nimemwona kijana mmoja aliyefanya vizuri sana kwenye utalii akirudi nyumbani na transkripti yenye alama A nyingi na somo moja tu la kufundishia, tena la kubishania.

Shahada za kilimo ni habari nyingine. Zinabeba somo la Kilimo lenyewe na Biolojia nyuma yake, na kama unapenda ardhi bila kushikilia kwamba lazima iwe msitu wa asili, ziangalie kwa jicho la pili.

Ukishaingia, fanya mambo mawili mwaka wa kwanza, usingoje wa tatu. Nenda kwa mratibu wa PGDE wa chuo unachokifikiria ukiwa na orodha ya kozi zako, umwulize uso kwa uso anahesabu zipi. Kisha kila muhtasari wa kozi utakaopewa, utunze. Wenzako wataufungia maandazi.

Ajira, bila kupamba

Zamani kidogo mhitimu wa ualimu alikuwa anasubiri TAMISEMI impangie kituo, jina linatoka kwenye orodha, anafunga mabegi. Siku hizi mwalimu naye anaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na anafanya usaili kama mtu mwingine yeyote. Kauli ya nyumbani kwamba "ualimu ndio wenye ajira" imetoka enzi za shule za kata zikijengwa kwa kasi miaka ya 2000. Wakati ule waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani, na wananchi wakawabandika majina ya utani ambayo wazee wa chumba cha walimu hawajayasahau. Mtu akikupa ushauri wa mwaka 2007, mshukuru na umwambie mwaka umebadilika.

Hata hivyo uhaba haujaisha. Umehamia kwenye masomo. Fizikia na Hisabati wanatafutwa kweli. Kemia bado. Biolojia wapo wengi kiasi kuliko hao, na Jiografia wapo wengi zaidi, kwa sababu walimu wa sanaa nao wanaifundisha wakiichanganya na Historia au Kiswahili. Sisi wa maliasili kwa bahati mbaya tunaangukia kwenye masomo mawili yenye foleni ndefu. Ndiyo maana mwanafunzi aliyepata Kemia nzuri kidato cha sita na anayetaka njia ya kwanza, namsukuma aende Kemia na Biolojia badala ya Jiografia na Biolojia, hata kama anaona Jiografia iko karibu na misitu. Misitu utaifuata baadaye kwa uzamili. Kemia ukiiacha sasa hutairudia.

Upande wa porini waajiri ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), TANAPA wa hifadhi za taifa, TAWA wa wanyamapori, Mamlaka ya Ngorongoro, na halmashauri ambazo zina maafisa misitu. Kuna na kampuni za mashamba ya miti, hasa ukanda wa Mufindi, karibu na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya serikali. Taasisi za uhifadhi sasa zinaendeshwa kijeshi, chini ya Jeshi la Uhifadhi, kwa hiyo unaingia na kwata, sare na amri. Wapo wanaolipenda jambo hilo na wapo waliokimbia wiki ya kwanza. Jipime kabla.

Mshahara wa kuanzia haupaswi kukuamulia. Mwalimu mwenye shahada anaanzia ngazi ya TGTS D, afisa misitu wa halmashauri TGS D, na pengo lake si la kukukosesha usingizi. Taasisi zina viwango vyao. Tofauti iko kwenye vya pembeni: mwenzako wa misitu anapata posho ya safari akilala nje ya kituo, wewe unapata tuisheni na, ukibahatika, kusahihisha mitihani ya taifa. Na Bodi ya Mikopo inawakata wote asilimia 15 ileile.

Kuna hoja moja ya ajira ambayo naiona nzito kuliko mshahara, nayo ni umri. Nafasi za uhifadhi, hasa ngazi za askari, huja na ukomo mdogo wa umri. Matangazo ya kawaida ya utumishi wa umma, ya walimu yakiwemo, yanakubali mtu mpaka miaka 45. Maana yake ukianza na misitu ukachelewa kupata, darasa bado linakungoja ukiwa na miaka 33. Ukianza na darasa, kisha ukiwa na miaka 33 ukakumbuka kwamba ulitaka kuwa mhifadhi, mlango huo una kufuli. Hapa ndipo upendeleo wangu kwa njia ya pili unapojitokeza, na nadhani nina haki nao.

Darasani, nani anafaa zaidi?

Nitasema lililo kweli hata kama linaniuma: mwaka wa kwanza wa kazi, aliyetoka Mazimbu ananishinda. Anajua kupanga kipindi cha dakika 40, anajua kutunga mtihani usio na maswali yanayojijibu, anajua mkaguzi anataka kuona nini kwenye daftari la maandalio.

Kuanzia mwaka wa tatu hivi mambo yanageuka kwenye mada fulani. Muhtasari wa Jiografia wa kidato cha pili uliotokana na mtaala wa 2005 ulikuwa na mada nzima ya matumizi endelevu ya misitu, na Biolojia ya kidato hicho hicho ilikuwa na mizania ya viumbe, minyororo ya chakula, na mazingira. Kidato cha tatu kulikuwa na udongo na upimaji kwa mnyororo. Mada hizo walimu wengi huzisoma kitabuni na kuziandika ubaoni. Mimi nawatoa watoto nje. Wanazungushia kamba mwembe wa shuleni kwenye mita 1.3, wanapima mzingo, wanagawanya kwa 3.14, wanapata kipenyo, na aliyekuwa analala kipindi cha Hisabati anagundua kwamba pai ina kazi. Kwadrati, zile fremu za mraba za kuhesabia mimea, tunatengeneza kwa mbao za masanduku. Tukifika kwenye viumbe vilivyo hatarini nawasimulia chura wa Kihansi, yule mdogo kama ukucha, aliyeishi kwenye mnyunyizo wa maporomoko ya mto mmoja tu duniani, bwawa la umeme likapunguza maji, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, kisha wakarudishwa wa kizazi kilichofugwa Marekani mwaka 2012. Hawahitaji mifano ya dubu wa barafuni.

Lakini simsemi vibaya wa njia ya kwanza. Akijiongeza kwa kulea klabu ya uhifadhi shuleni, iwe ya Malihai, au ya Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliianzisha na wanafunzi 12 Dar es Salaam mwaka 1991, atafika nilipo mimi bila kuzunguka nilikozunguka. Na huko kwenye elimu ya uhifadhi, pale hifadhi na mashirika yanapohitaji mtu wa kuzungumza na vijiji na shule, ndipo penye nafasi chache ambazo mtu wa vyote viwili anapewa kiti mbele ya mtu wa kimoja. Ni chache, sikudanganyi, lakini washindani nao ni wachache.

Mkondo wa amali umeongeza njia ya pembeni

Mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa 2024 yameleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na katika amali kilimo kina nafasi yake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ujuzi wa mikono wa mtu wa SUA unatafutiwa kiti shuleni. Kama umri wako unaruhusu kungoja, mchepuo wa Sayansi ya Kilimo na Biolojia unaweza kuwa na bei nzuri miaka michache ijayo. Na mwenye cheti cha fani anayetaka kufundisha ufundi, Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi pia kipo Morogoro. Mji huu umejaa vyuo kama embe msimu wake.

Kama pointi hazikutosha

Kigezo cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa waliomaliza kidato cha sita ni alama mbili za principal (yaani A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4.0, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kozi nyingine zinadai zaidi, na za elimu zinataka hizo principal ziwe kwenye masomo utakayofundisha. Ukikosa, usikae nyumbani mwaka mzima ukisubiri muujiza.

Upande wa maliasili kuna Chuo cha Misitu Olmotonyi kilichoanza 1937, kuna Mweka kwa wanyamapori kilichoanza 1963, kuna Pasiansi Mwanza, na Chuo cha Nyuki Tabora. Upande wa ualimu kuna vyuo vya stashahada kama Kleruu, Iringa, na pale pale Morogoro kuna Kigurunyembe. Ukilinganisha hizi mbili kwa anayelenga kufika kwenye ualimu wa sekondari, stashahada ya ualimu inafika kwa mstari ulionyooka, ile ya misitu inapiga kona mbili. Kwa anayelenga pori, Olmotonyi atatoka akijua kazi kuliko baadhi yetu wenye shahada. Hilo maafisa wa TFS wenyewe wanalijua, ingawa hawalisemi mbele yetu.

Kwa jirani zetu wa Kenya

Mantiki ni ileile, majina yamebadilika. TSC, tume inayoajiri walimu, wanataka masomo mawili ya kufundishia, na kwa ngazi ya shahada wanaangalia pia C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, katika masomo hayo, kwa hiyo alama za sekondari zinakufuata mpaka ukubwani. Tofauti kubwa ni kwamba Kilimo ni somo lililozoeleka zaidi katika sekondari za Kenya, na Egerton wana shahada ya elimu ya kilimo na ugani yenye jina. Ukiwa Mkenya mpenda ardhi, hiyo inakuondolea nusu ya hangaiko langu.

Basi ujaze nini

Kama ukifumba macho unajiona mbele ya darasa, na misitu ni kitu unachokipenda tu, jaza njia ya kwanza, Kemia na Biolojia kama alama zinaruhusu, Jiografia na Biolojia kama haziruhusu. Uzamili wa maliasili utaufuata ukiwa na mshahara.

Kama unataka pori, na ualimu ni kauli ya baba, jaza misitu au wanyamapori, usione aibu. Mwambie baba kwamba PGDE ipo na haikimbii. Ila tafadhali, katika kozi za kuchagua, jaza zile zenye neno biolojia, botania, zuolojia au jiografia kwenye jina, hata kama kozi yenye jina la kisasa inavutia zaidi.

Kama hujui, na wengi wenu hamjui, wala si kosa mkiwa na miaka 19, omba uende fildi na mtu. Watu wa halmashauri wanaopanda miti msimu wa mvua hawakatai mikono ya bure. Wiki nyingine nenda shule ya kata ya jirani, umwombe mkuu wa shule ukae nyuma ya darasa. Binti mmoja wa mtaani kwetu alifanya hivyo mwaka jana. Alirudi kutoka kwenye miti akiwa na malengelenge mikononi na tabasamu, na shuleni alikwenda siku moja tu. Sasa yuko mwaka wa kwanza misitu, na juzi kanitumia picha ya daftari la fildi lililolowa, akiniuliza wino gani hauchuji.